Mkono wa Kulisha Mbu

Jumatano, 6 Novemba 2024

Jina langu limepelekwa! Mie! Sesilia Polikarpo wa Mbagala Kizuiani. Kituo chetu cha utafiti wa mbu kinaruhusiwa kupeleka jina moja tu kwenye ule ufadhili wa wanasayansi wanawake. Masomo yote ya shahada ya pili yanalipiwa, na ukimaliza unapewa kazi ya kudumu. Siyo huu mkataba wa miezi mitatu mitatu unaonitoa roho kila ukikaribia kuisha.

Dokta Koku kaniita ofisini, kafunga mlango. Nikajua nimeharibu kitu. Kumbe! Dk. Kokushubila ndiye mwanamke pekee mwenye udaktari wa falsafa pale Kurasini, na ndiye aliyeniokota nikiwa sijui hata kushika hadubini. Nilitaka kumkumbatia, nikaogopa. Nikasema ahsante, ahsante, ahsante, mpaka akacheka. Kasema nisishukuru bado. Intavyuu ni Ijumaa ya wiki ijayo, na kamati inataka kuona kazi niliyoifanya kwa mikono yangu mwenyewe.

Kazi ninayo. Mbu wangu wa makontena. Mabuu yao niliyachota mwenyewe kwenye maji yaliyotuama juu ya maturubai, kule yadi ya makontena, madereva wa malori wakinicheka — sista unavua dagaa? Nimeyalea, yakawa mbu, wakazaa, na wana wao wakazaa. Sasa wamejaa vizimba vitatu. Nataka kujua kama ni wenyeji au wamekuja na meli, na wanapenda kuuma saa ngapi. Basi. Ndiyo kazi yangu.

Kuna swali moja kwenye maombi linanikera: eleza magumu uliyopitia kama mwanamke wa jamii iliyoachwa nyuma. Nimeandika nikafuta, nikaandika nikafuta. Baba yangu ni Mmakonde wa Newala, anachonga vinyago vya Wamasai pale Mwenge. Hajakaa na Mmasai hata siku moja! Lakini watalii wanataka Mmasai na mkuki wake, basi anawachongea. Nami leo nimechonga wangu. Nimeandika eti tulikuwa tunalala njaa. Uongo mtupu! Mama angesoma angenizaba kibao.

Nimefuta. Nimeandika ukweli kidogo, haupendezi. Usingizi sina.


Jumamosi, 9 Novemba 2024

Siku ya kingatiba mtaani kwetu. Mama ndiye mgawa dawa. Kapewa fulana, ndoo ya maji, na ile fimbo ndefu ya kupimia watu urefu, ili ajue huyu anameza vidonge vingapi. Nimemfuata nyuma na ndoo tangu asubuhi. Mama akivaa fulana ya serikali hakataliwi.

Watu hawataki! Dawa ya matende na mabusha, ya bure, imekujia mpaka mlangoni — hawataki. Vijana wa kijiweni wamesema vinaua nguvu za kiume. Mama akawauliza, hizo nguvu zenyewe nani kaziona? Kijiwe kizima kililipuka kwa kicheko. Lakini hawakumeza.

Kwa Mama Nassibu ndipo kazi ilipokuwa. Ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, na uani kwake siku zote kumejaa watu. Kakunja mikono kifuani. Kasema, mwanao ndiye msomi wa mbu, mbona yeye hatujamwona akimeza?

Wote wakanigeukia. Mama naye akanitazama, na lile jicho halikuwa la kuomba.

Nikasimama kwenye fimbo. Mama akanimwagia vidonge kiganjani, akatangaza kama yuko jukwaani: mficha maradhi kifo humuumbua! Meza mwanangu, tukuone. Nikameza. Nikaachama, nikatoa ulimi waone. Wakapiga makofi, jamani! Mama Nassibu akameza, mumewe akameza, wapangaji wote wakajipanga foleni.

Mama tangu hapo anatembea kama mbunge. Nami nimefurahi, nisiseme uongo. Hili ndilo la kuwaambia kamati. Mwanasayansi anayemeza mbele ya majirani zake!


Jumapili, 10 Novemba 2024

Misa ya kwanza, kisha Kurasini. Zamu yangu. Mbu hawajui Jumapili.

Mashine ya kupasha damu iliharibika zamani, kwa hiyo sie tunalisha kwa mkono. Unakunja nguo, unaingiza mkono kizimbani, unatulia. Mbu wetu wamezaliwa humo humo ndani, hawana malaria. Wanawasha tu. Mie husali rozari mpaka washibe. Bikira Maria anisamehe.

Zamani walikuwa wanalisha wanaume tu. Dk. Leodegar, mkuu wetu, alikuwa anasema mikono ya wanawake imejaa manukato, mbu watakufa. Dokta Koku alipigana naye vikao na vikao. Ndiyo maana leo zamu tunazo watatu: Twalib, mkongwe wa kile chumba, mie, na Atu. Atu ni Atuganile, binti wa Tukuyu aliyekuja kwa mafunzo kazini. Anacheka hata pasipochekesha. Akimaliza vizuri anaweza kupata mkataba.

Vizimba vyote vitatu vimeshiba. Matumbo mekundu. Wazuri! Kesho zamu ya Atu.


Jumatatu, 11 Novemba 2024

Nimefanya mazoezi ya prezentesheni mbele ya kioo. Mikono yangu sijui pa kuiweka. Dokta Koku kasema nisiseme “labda” kila sentensi. Kasema wanaume hawasemi labda. Nimejaribu, nikasema labda nitaacha.


Jumanne, 12 Novemba 2024

Mbu wamekufa.

Nimefungua mlango asubuhi, sakafu za vizimba zimetapakaa weusi, kama mtu kamwaga pilipili manga. Vizimba vyote vitatu. Wachache bado wanatikisa miguu. Nilikaa chini. Twalib akaja, akasema astaghfirullah, akakaa na yeye.

Waliobaki ni wachanga, wale waliotoka kwenye maji juzi na walikuwa kikombe cha pembeni. Hao hawajala damu bado. Na vijiyai kidogo. Basi! Miezi yangu yote imebaki ndani ya kikombe cha karatasi.

Dk. Leodegar kaingia. Kanusa. Kanusa, nasema! Kauliza nani alilisha jana. Atu kainua mkono kama yuko darasani. Kaulizwa anapaka nini. Kasema mafuta ya nazi, miguuni tu, mkono aliuosha kwa sabuni ya mche kama tunavyofanya wote. Bosi kamgeukia Dokta Koku mbele yetu sote: si nilisema? Wanawake na losheni hawaachani. Kaamua pale pale. Atu mwisho Ijumaa saa sita, arudishe koti. Chumba cha mbu kirudi kwa Twalib peke yake.

Na mie? Mie niliamini! Nilimfuata Atu koridoni nikamwambia, Atu, umeniua. Machozi yake yalikuwa yanadondoka kwenye koti, anayafuta kwa mkono ule ule aliolishia.

Nimerudi nyumbani sijala. Nimekaa barazani na chai inapoa. Mama Nassibu kapaza sauti kutoka upande wa pili wa ukuta: mama Sesi wee, vile vidonge vyako! Tangu nimeze kunguni wameniachia! Wanatoka godoroni wanapepesuka, wanaanguka! Mama kacheka mpaka kashika kiuno. Kasema kumbe dawa ya mabusha inatibu na vitanda.

Nikacheka na mie. Halafu nikaweka kikombe cha chai chini.

Ivamektini.

Kwenye vile vidonge kuna ivamektini. Mtu akimeza, mdudu anayemnyonya anakufa. Mbu naye anakufa! Hili najua. Si ugunduzi, wenzetu walishaandika siku nyingi. Nimewahi kulijibu kwenye mtihani na nikapata! Na mlangoni pa chumba cha mbu pamebandikwa kwa herufi kubwa: UKIMEZA DAWA YOYOTE USILISHE. Napita hapo kila siku. Lakini Jumamosi vile vidonge sikuviona kama dawa. Niliviona kama kazi ya Mama. Niliona makofi.

Siyo Atu. Ni mkono wangu.


Jumatano, 13 Novemba 2024

Nimefika kabla ya wote. Nimemsubiri Dokta Koku mlangoni kwake, nikamwamkia, nikamwambia yote kwa pumzi moja, hata kabla hajaweka mkoba. Fimbo, vidonge, kunguni wa Mama Nassibu. Nilitegemea afoke.

Hakufoka. Kakaa. Kavua miwani, kaifuta kwa khanga aliyoiweka kwenye kiti. Kauliza, umemwambia nani mwingine? Hakuna. Kasema, basi asijue mtu mpaka Ijumaa ipite.

Nikamwambia, Atu anaondoka Ijumaa.

Kasema, sikiliza mdogo wangu. Hii nafasi nimeihangaikia tangu wewe uko sekondari. Mara mbili kituo kilipeleka karatasi tupu, kwa kuwa eti hakuna mwanamke anayefaa. Leo ukisema umeua mbu wako mwenyewe, Leodegar hatasema ni vidonge. Atasema ni mwanamke. Mlango wenyewe mwembamba, anaingia mmoja. Ukishaingia utamvuta Atu.

Nikauliza, na Atu akishakuwa Tukuyu anauza ndizi, nitamvuta kwa kamba gani?

Hapo ndipo alipokasirika. Kasema nisimfundishe uchungu. Kasema yeye alipokuwa kijana kuna mwenzake aliachwa hivyo hivyo, na yeye akanyamaza, na leo asingenyamaza nisingekuwa na wa kumwamkia pale mlangoni. Halafu kageukia dirishani. Sijawahi kumwona Dokta Koku akikosa la kufanya na mikono yake.

Na ana haki! Hilo ndilo linalonichoma. Mkono uwe wangu, uwe wa Atu, kwa bosi ni mkono wa mwanamke tu.

Nimetoka nikamkuta Twalib anafagia maiti za mbu. Nimemuuliza, kwenu Yombo kingatiba imepita? Kacheka: sista, mie nimeoa juzi tu, nikacheze na nguvu? Nilijificha chooni mpaka wakaondoka! Kwa hiyo aliyekimbia dawa kwa uzushi ndiye mlishaji bora wa kituo, na aliyemeza kwa elimu ndiye muuaji. Sijui nicheke au nilie. Nimecheka, Twalib akadhani ni utani wake.

Saa ya chakula nimemvuta Atu chumba cha mbu. Kwanza nimemwomba msamaha wa lile neno la koridoni. Kasema yameisha dada Sesi, lakini hakunitazama. Nikamweleza. Kachelewa kuelewa, halafu kaelewa, na uso ukabadilika. Sikujua kama ni hasira au nafuu. Nadhani vyote.

Nikamwambia, maneno yetu bosi hatayasikia, lakini mbu ni mbu. Nimegawa wale wachanga vikombe viwili sawasawa. Kimoja wale mkono wangu, bila mafuta yoyote. Kimoja wale mkono wake, na kwanza apake mafuta yake ya nazi miguuni kama siku ile, aoshe mkono kwa sabuni ile ile. Twalib ashuhudie. Atu kasema, lakini dada hawa ndio wa mwisho. Nikasema najua.

Nimeweka mkono juu ya chandarua cha kikombe. Wamekuja wote. Wana njaa masikini. Sikuweza kusali.


Alhamisi, 14 Novemba 2024

Asubuhi: vikombe vyote viwili wazima. Wanaruka!

Nimekaa, nimesimama, nimekaa. Dawa inapungua mwilini kila siku. Labda imeshaisha. Wasipokufa sina ushahidi, Atu anaondoka, na mie ninabaki na mbu wangu na nafasi yangu. Na kuna kitu ndani yangu kiliruka kwa furaha. Nimejiona. Nimejichukia.

Mchana: changu, watatu chini. Cha Atu, hakuna.

Jioni: sikutaka kuviacha, nimekuja navyo nyumbani kwenye kapu la Mama. Wa kwangu wanaanguka wanainuka. Wa Atu wametulia ukutani, matumbo bado mekundu, wanasubiri kutaga. Naomba wafe. Naomba wasife. Mtu mmoja anawezaje kuomba yote mawili?

Mama kanikuta nimeinamia kapu. Nilimwambia. Kaanza kulia, eti ni yeye, ni fimbo yake na sifa zake za mbele za watu. Nikamwambia Mama acha, ile dawa ni nzuri, nyumba ishirini zimemeza kwa ajili yako, mwenye kosa ni aliyesoma tangazo la mlangoni asilisome. Kajifuta machozi. Kauliza, sasa huyo binti wa watu mama yake anajua?

Swali hilo sikuwa nimejiuliza.

Baba karudi kutoka Mwenge na vumbi la mpingo kwenye nyusi. Kasikia yote, kala ugali wake. Alipomaliza kauliza hao wa kamati wanataka nini hasa. Nikamwambia wanataka magumu yangu, Baba. Wanataka Mmasai na mkuki. Kacheka kidogo. Kasema, mie Mmasai ninamuuza, Sesi. Sijawahi kumwambia mteja kuwa ni mimi.

Kaenda kulala. Kaniacha na hilo.


Ijumaa, 15 Novemba 2024

Kinondoni, ofisi za hao wafadhili. Koridoni. Kuna kiyoyozi na viti vya kuzama. Nimevaa gauni la kipaimara cha mdogo wangu, Mama kaliachia kiunoni. Naandika nikisubiri kuitwa.

Mlinzi getini kafunua kapu. Sista, umebeba nini? Mbu. Kacheka. Kaona. Hakucheka tena. Kasema ingia, lakini wakitoka usinitaje.

Wa kwangu wamekufa karibu wote. Wa Atu, wote wazima. Wote!

Twalib kasaini karatasi ya ushuhuda kwa kalamu nyekundu, ndiyo pekee aliyokuwa nayo. Kasema akiulizwa mbona mbu aliowalisha yeye hawakufa atasema lile la chooni, potelea mbali, mkewe hasomi ripoti.

Kila mkuu wa kituo anakaa ndani akisikiliza mtu wake. Kwa hiyo Dk. Leodegar yumo. Nimesikia kicheko chake.

Meseji ya Atu: Dada Sesi nimeshafua koti nalirudisha. Ukiingia usinitaje, usije ukakosa. Mungu akutangulie. Na kale ka-emoji ka kucheka. Atu huyu!

Nimemjibu: usirudishe koti. Halafu nikaogopa nilichoandika. Nina uhakika gani?

Dokta Koku kaja. Kaketi karibu nami, marashi yake yale yale. Kaninyoosha kola. Halafu kaona kapu. Hakuuliza ni nini, alijua. Kasema kwa sauti ya chini, Sesi, prezentesheni yako iko tayari, ina picha nzuri, hakuna atakayeuliza leo mbu wako wapi. Nikasema najua, Dokta. Kasema wako watano mle ndani na mwanamke ni mmoja. Nikasema najua. Anatikisa mguu. Nami natikisa wangu. Ukituona ungedhani mama na mwana.

Nimevitoa vikombe kapuni, nimeviweka mapajani juu ya daftari, naandika pembeni. Kimoja chandarua kinatikisika. Kimoja kimya, isipokuwa mmoja. Anapanda ukuta wa karatasi, anaanguka. Anapanda.

Mlango umefunguka. Kijana mwenye tai kaita: Sesilia Polikarpo.

Dokta Koku kanyoosha mkono. Lete nikushikie, mdogo wangu.

Mkono wake uko hewani. Nimemwambia kijana: dakika moja, kaka, nakuja. Nasimama. Dokta, shika kapu tu. Vikombe hivi naingia navyo.